Mzee Asipoitikia Salamu

Hotuba iliyosomwa na katekista mmoja mbele ya walimu, wazee wa kanisa na akina mama wa jumuiya, katika siku ya wagonjwa, mwaka wa Yubile



Tumepewa nafasi ya kusema juu ya kuwatazama wagonjwa. Neno hili ni pana, nasi tukitaka kulisema lote jua litatuchwea hapa hapa. Kwa hiyo tumechagua sehemu moja tu, tena sehemu ambayo sisi wenyewe tuliikosea: namna ya kumwangalia mzee aliyepasuliwa hospitalini, kuzijua dalili za hatari zinapoanza, na kuzipeleka mbele mpaka zifike kwa mtu awezaye kumsaidia.

Zamani wazee wetu waliogopa sana kisu cha daktari. Mtu akiambiwa apasuliwe aliwaita wanawe, akagawa mali, akaaga. Siku hizi sivyo. Twaona bibi wa miaka 80 ameanguka jikoni na kuvunjika nyonga. Hupelekwa hospitali, hutiwa chuma, na baada ya siku chache husimamishwa akajaribu hatua. Twaona babu mwenye ngiri amepasuliwa, akarudi shambani kwake. Ni jambo la kushukuru. Walakini wengi wetu hudhani kwamba hatari yote imo ndani ya chumba cha kupasulia. Mgonjwa akitoka mle yu hai, ndugu huwapigia simu jamaa zote, wakisema, "Ametoka salama," na watu huanza kurudi makwao. Hapo ndipo tunapokosea.

Sikilizeni hesabu hii. Mwaka 2018 gazeti la waganga liitwalo The Lancet lilichapisha taarifa ya waganga wa nchi 25 za Afrika. Walikuwa wameandika habari za watu wazima zaidi ya 11,000 waliopasuliwa katika hospitali 247, kila hospitali kwa muda wa juma moja. Katika kila watu 100, watu 18 walipatwa na matata baada ya kupasuliwa. Waliokufa walikuwa 239. Na katika hao, 225 walikufa baada ya siku ile ya kupasuliwa kupita. Yaani ni wachache sana waliofia mezani au siku ile ile. Waliobaki walifia kitandani, katika siku zile ambazo ndugu wameketi karibu nao. Tena wagonjwa wale kwa wastani hawakufika umri wa miaka 40. Mzee ana akiba ya nguvu iliyo ndogo kuliko yao.

Hesabu ya pili yatoka Marekani, nayo ilitolewa mwaka 2009. Waganga walizilinganisha hospitali ambazo wagonjwa waliopasuliwa hufa wengi na zile ambazo hufa wachache. Mtu angeweza kudhani kwamba kule wanakokufa wengi, matata ni mengi. Haikuwa hivyo. Matata yalikuwa karibu sawa: watu 25 katika 100 huku, na watu 27 katika 100 huku. Lakini katika wale waliopatwa na matata makubwa, hospitali zile njema walikufa kama 12 au 13 katika 100, na zile nyingine walikufa 21. Basi tofauti kubwa haikuwa katika kupatwa, ilikuwa katika kuokolewa: kutambua mapema na kutenda mapema. Katika hospitali zetu, ambako ndugu ndiye anayemwosha mgonjwa, ndiye anayemlisha, ndiye anayelala chini ya kitanda chake, sehemu kubwa ya huko kutambua i mikononi mwetu.

Sasa tutawaeleza kosa letu.

Miaka kadhaa iliyopita mama yetu mkubwa, dada wa mama mzazi, aliteleza penye mlango wa jikoni asubuhi ya mvua, akavunjika nyonga. Alikuwa na miaka 78 kwa hesabu ya cheti chake cha ubatizo. Akapelekwa hospitali, akapasuliwa, kazi ikaenda vema. Siku ya kwanza alisema nasi, akaulizia mbuzi wake, akamgombeza binti yetu kwa kuchelewesha chai. Siku ya pili alikuwa mchovu. Hata siku ya tatu alikuwa kimya kabisa.

Sisi tulikifurahia kimya kile. Tulisema, "Amepata usingizi, maumivu yametulia." Mgonjwa wa kitanda cha pili akamsifu kuwa ni mtu mpole. Lakini binti yetu, ambaye alikuwa na miaka 14 na ndiye aliyeshinda naye, akatufuata uani akatuambia, "Baba, bibi hakuniitikia shikamoo."

Tukamwambia, "Mwache bibi, mwanangu. Amechoka."

Akasema, "Nimemwamkia mara tatu, baba. Ananitazama kama hanijui. Tena anahema upesi."

Tukamjibu kwa ukali kidogo, "Ni uzee huo. Usiwasumbue masista, wana kazi nyingi."

Mchana ule tukamwinua kichwa, tukamnywesha uji kwa kijiko, ingawa macho yalikuwa nusu yamefumba. Akapaliwa, akakohoa. Tukamfuta mdomo, tukaendelea. Usiku pumzi zikazidi kwenda mbio. Daktari alipofika siku ya nne alfajiri, alimsikiliza kifuani, akaagiza oksijeni na dawa, kisha akatugeukia akauliza, "Amekuwa hivi tangu lini?" Ikatubidi kusema: tangu jana asubuhi. Homa ya mapafu ilikuwa imeshika pande zote mbili. Alifariki siku ya sita.

Hatumshtaki mtu wa hospitali ile. Mwuguzi wa usiku alikuwa mmoja kwa wodi nzima. Alipopita kitandani akauliza, "Bibi hajambo?" sisi ndio tuliomjibu, "Hajambo, amelala." Huenda mama mkubwa angalikufa hata kama tungalisema mapema, maana alikuwa mzee na mapafu ya wazee ni dhaifu. Lakini tulikuwa na siku moja nzima mkononi, nasi tuliitumia kumnyamazisha mtoto aliyeona sawasawa.

Tangu hapo tumewauliza waganga na wauguzi wengi, nasi twawapa leo yale tuliyofundishwa.

KWA NINI UGONJWA WA MZEE HUJIFICHA

Kwanza, ni kwa sababu ya mwili wenyewe. Kijana akishikwa na homa ya mapafu huwaka moto, hutetemeka, hulalamika kifua. Mzee huweza kuwa na ugonjwa ule ule joto lisipande. Pengine hushuka, naye akawa baridi. Moyo wa mzee huweza kuumia baada ya kupasuliwa, hasa katika siku 3 za kwanza, asisikie maumivu ya kifua hata kidogo. Ataonyesha kuishiwa pumzi tu, au kutapika, au udhaifu wa ghafula. Na mzee atumiaye baadhi ya dawa za shinikizo la damu, mapigo ya moyo wake huenda yasiende mbio ingawa damu inampotea ndani.

Pili, ni kwa sababu ya adabu. Sisi tumelelewa kwamba mtu akiulizwa, "Hujambo?" hujibu, "Sijambo," hata kama ameungua mkono. Neno hilo ni salamu, si taarifa ya ugonjwa. Mzee wa zamani hataki kuwasumbua watoto wake. Atasema "Sijambo, namshukuru Mungu" mpaka mwisho. Tena kuna mambo ambayo mama hawezi kumtajia mwanawe wa kiume, kama vile mkojo na choo. Kwa hiyo usimwulize mzee kama hajambo ukaridhika. Mwulize neno moja moja: Umekojoa lini? Umekula nini? Wapi panauma? Na kama ni mama, mwanamke mwenziwe amwulize. Kama ni baba, mwanamume amwulize.

Tatu, ni kwa sababu ya fikra zetu wenyewe. Kila neno la mzee twaliita uzee. Akisahau, ni uzee. Akilala mchana kutwa, ni uzee. Akiropoka usiku, wengine husema ni uzee, wengine husema ni mashetani, na wengine hutafuta nani aliyemloga. Ndugu zetu, uzee haumwingii mtu kwa usiku mmoja. Mzee aliyewajua watu wote jana, na leo hawajui, amepatwa na jambo jipya, na jambo hilo lina sababu.

Waganga huliita hilo kuchanganyikiwa kwa ghafula. Lina sura mbili. Ya kwanza ni ya kelele: mgonjwa hupiga makelele, hung'oa mipira ya dawa, hutaka kwenda nyumbani usiku wa manane, huzungumza na ndugu waliokufa zamani. Hiyo kila mtu huiona. Sura ya pili ni ya kimya: mgonjwa hutulia kupita kiasi, husinzia, hatafuti chakula, haitikii, hutazama ukuta. Hiyo ndiyo iliyompata mama yetu mkubwa, nayo watu huiona kuwa ni upole. Sababu zake huweza kuwa homa ya mapafu, mkojo uliozuiwa, kuharisha au kufunga choo, upungufu wa maji, damu iliyopungua, maumivu makali, kidonda kilichooza, au dawa yenyewe aliyopewa. Kutafuta sababu ni kazi ya daktari. Kuona kwamba mtu amebadilika ni kazi yetu, kwani daktari hakumjua jana na juzi. Sisi tumemjua miaka yote.

Msidhani jambo hili ni dogo mbele ya waganga. Huko Uingereza Chuo cha Kifalme cha Waganga kilitunga mwaka 2012 karatasi ya kuhesabia hatari ya mgonjwa kwa dalili sita: pumzi, oksijeni, joto, shinikizo la damu, mapigo ya moyo, na fahamu. Mwaka 2017 waliitengeneza tena, wakaongeza kuchanganyikiwa kupya, wakakupa alama 3, ambazo ndizo kubwa kupita zote kwa dalili moja. Ni alama sawa na zile apewazo mtu anayehema mara 25 au zaidi kwa dakika. Yule mtoto wetu hakuwa na karatasi, lakini alikuwa ametaja dalili mbili za karatasi hiyo kwa asubuhi moja.

MAMBO SITA YA KUTAZAMA

1. Fahamu. Kila asubuhi na kila jioni mwamkie mzee, ungoje aitikie. Mwulize jina lako, mahali alipo, na ni asubuhi au jioni. Kama ana miwani, mvalishe; kama hasikii vizuri, msogelee, ili usimdhanie amechanganyikiwa kumbe hakukusikia. Akiwa tofauti na jana, toa habari.

2. Pumzi. Tazama kifua kinavyopanda na kushuka, uhesabu kwa dakika nzima kwa saa. Mtu mzima aliyetulia huhema mara 12 hadi 20. Zikifika 25, hilo ni neno la kupeleka mara moja. Kadhalika kama anashindwa kumaliza sentensi kwa pumzi moja, au midomo imebadilika rangi, au amepungukiwa na pumzi kwa ghafula.

3. Mkojo na tumbo. Andika saa alizokojoa. Zikipita saa 6 hata 8 bila mkojo, au mkojo ukiwa kidogo na mweusi, sema. Kama ana mpira wa mkojo, tazama kama mfuko unajaa. Tumbo likivimba na kuwa gumu, akitapika, au asitoe hewa wala choo, sema, hasa kama alipasuliwa tumboni.

4. Jeraha na damu. Kitambaa kikilowa damu tena na tena, viganja na ufizi vikawa vyeupe, mwili ukawa baridi na wenye jasho, usingoje. Jeraha likivimba, likawa jekundu au la moto, likitoa usaha au harufu, au likiachana, onyesha siku ile ile.

5. Miguu. Mguu mmoja ukivimba kuliko mwenziwe, au kigimbi kikiuma, huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Donge hilo likisafiri hadi mapafuni huweza kuua kwa dakika chache. Hapa twawasihi sana: msiukande mguu huo kwa maji ya moto wala kwa mafuta. Huruma yetu ya kukanda huweza kulisukuma donge lile.

6. Chakula na mwendo. Aliyekuwa akila akaacha, aliyekuwa akiketi akashindwa kuketi, huyo ana neno. Tena mzee aliyesinzia asilishwe. Uji umwagwao kinywani mwa mtu aliyelala hupita njia ya pumzi ukaingia mapafuni. Mwache aamke, aketi wima, ndipo ale polepole. Hili tunalisema kwa uchungu, kwani mmesikia tulivyofanya.

NAMNA YA KUSEMA

Kuona peke yake hakutoshi. Wengi huona, kisha humwambia mwuguzi, "Sista, hali ya mgonjwa wetu si nzuri." Mwuguzi ana wagonjwa 30 na wote hali zao si nzuri. Maneno hayo hayamwambii aanze na nani. Basi semeni mambo manne: ni nani na alipasuliwa nini na lini, alikuwaje jana, yukoje sasa na tangu saa ngapi, na mnaomba nini. Kwa mfano: "Sista, samahani. Huyu ni bibi wa kitanda cha 7, aliyepasuliwa nyonga Jumatatu. Jana jioni alitutaja sote kwa majina. Tangu alfajiri hatujui, na pumzi zake tumezihesabu ni 30 kwa dakika. Twaomba uje umwone sasa." Maneno haya hayamvunjii mtu heshima, wala hayachukui nusu dakika.

Je, asipokuja? Mara nyingi si ukaidi. Ni mikono iliyojaa. Ngoja kidogo, urudi. Ukiona mgonjwa anazidi, panda ngazi. Baada ya mwuguzi wa zamu yuko msimamizi wa wodi. Baada yake yuko daktari wa zamu. Yuko daktari aliyempasua. Yuko mganga mfawidhi wa hospitali. Kupanda ngazi si kumshtaki mtu wa chini; ni kumtafutia msaada yeye pia. Nendeni kwa sauti ya upole, lakini msirudi nyuma. Wawili ni bora kuliko mmoja: mmoja abaki na mgonjwa, mwingine aende. Na mtu asende kwa makelele wala kwa kundi la watu kumi, maana huko husababisha ugomvi, na ugomvi hupoteza wakati wa mgonjwa.

Si sisi tu tulio na shida hii ya kusikilizwa. Huko Uingereza mwaka 2021 binti wa miaka 13, aitwaye Martha Mills, alikufa hospitalini kwa vijidudu vilivyotia sumu damu yake, baada ya wazazi wake kuonya kwamba hali inaharibika, wasisikilizwe. Wazazi hao hawakunyamaza. Kuanzia mwaka 2024 hospitali za nchi hiyo zilianza kuifuata Kanuni ya Martha, ambayo humpa mgonjwa na jamaa zake haki ya kuwaita waganga wengine waje kumtazama upya, wakiona anazidiwa. Ikiwa katika nchi yenye waganga wengi sauti ya mzazi huweza kupotea, nasi hatuna budi kujifunza kusema wazi.

Tulipata nafasi ya kujaribu mafundisho haya. Mwalimu mmoja mstaafu wa shule yetu, mwenye umri wa miaka 74, alipasuliwa ngiri iliyokuwa imejinyonga. Usiku wa pili akaanza fujo. Akang'oa mpira wa maji, akataka kushuka kitandani aende darasani, akamwita kaka yake aliyekufa zamani. Watu wa vitanda vya jirani wakasema afungwe kwa kitenge. Mwingine akasema ni mashetani, tumwombee. Nasi tulikuwapo. Tukasema, sala tutasali, lakini kwanza sista aitwe.

Mkewe ndiye aliyefanya kazi. Akahesabu moyoni, akanena, "Hajakojoa tangu saa sita mchana." Akamgusa chini ya kitovu, pakawa pagumu, naye mzee akaguta. Akaenda kwa mwuguzi, akaambiwa, "Ngoja mama, kuna mwingine anatokwa damu." Akangoja. Akarudi, mwuguzi yule bado yu na mgonjwa wa damu. Ndipo akaenda kwa msimamizi, akasema yale mambo manne pasipo kuongeza chumvi: "Mume wangu alipasuliwa ngiri jana. Jioni alikuwa na akili zake. Sasa anaropoka, hajakojoa kwa saa 10, na tumbo la chini ni gumu. Naomba daktari amwone." Daktari akaja, akaagiza mpira wa mkojo. Ukatoka mkojo zaidi ya lita moja. Daktari akampima na mengine pia, akabadilisha dawa moja. Kulipokucha mwalimu alikuwa amelala usingizi wa kweli. Saa tatu tulipomwamkia, "Shikamoo, mwalimu," alisema, "Marahaba," kisha akaulizia miwani yake. Mkewe akajifunika uso kwa khanga akalia.

AKISHARUDI NYUMBANI

Hatari haiishii mlangoni pa hospitali. Jeraha huweza kuoza baada ya siku nyingi, na damu huweza kuganda mguuni hata majuma kadhaa yakiwa yamepita. Kabla ya kuondoka, ulizeni: dalili zipi zikionekana turudi? Dawa zipi aendelee nazo, zipi aache? Na turudi wapi? Andikeni majibu. Waambieni waganga dawa zote atumiazo mzee, hata za mitishamba, msione haya. Nyumbani msipake jeraha dawa yoyote ambayo hamkuagizwa. Mketisheni, mtembezeni taratibu kama mlivyoelekezwa, mpeni maji, mchana awe mahali penye mwanga, na usiku alale.

Ikionekana dalili moja katika zile sita, mpelekeni kituo cha karibu pamoja na karatasi yake ya hospitali. Wakiona hawawezi, waombeni barua ya kumpeleka mbele, tena siku ile ile. Msikawilie kwa kungoja jamaa wa mbali wafike na kufanya kikao. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

SHAURI LETU KWA JUMUIYA

Tunaomba mambo matatu. La kwanza, kila jumuiya iwe na daftari dogo la wazee waliopasuliwa, na watu wawili wa kuwatembelea kila siku kwa muda wa mwezi mmoja. Wasiende kuketi na kunywa chai tu; waulize yale sita, waandike. La pili, walimu wawafundishe watoto wa madarasa ya juu kuhesabu pumzi na kueleza mambo manne, maana mara nyingi ni mtoto anayeachwa na bibi wakati sisi tuko shambani. La tatu, mtoto akija kusema, "Bibi amebadilika," asikemewe. Aulizwe, "Umeona nini, mwanangu?" kisha mtu mzima aondoke mara hiyo akaangalie.

Binti yetu sasa ni mtu mzima. Hajatulaumu hata siku moja, na hilo ndilo linalotuuma zaidi. Mwaka jana alikuja kututembelea na mtoto wake mdogo. Mtoto akamwamkia jirani yetu mzee aliyekuwa ametoka hospitali siku tano kabla, na mzee yule akachelewa kuitikia. Binti yetu akaweka kikapu chini, akasogea, akaanza kuhesabu pumzi zake kwa saa ya mkononi. Zilikuwa 18, na mzee alikuwa amesinzia tu kwa jua. Akacheka, akatikisa kichwa, akaitikia, "Marahaba, mwanangu, marahaba." Nasi sote tukacheka naye. Hatukuona kwamba ile dakika moja ilipotea.